Salio la Bi Funguo

Siku Bi Funguo alipokuja kuitazama nyumba kwa mara ya kwanza, Dalali alimpandishia bei kabla mama wa watu hajafika hata mlangoni. Ndivyo alivyowafanyia watu wote wa serikali. Serikali huchelewa kulipa, na mwenye kuchelewa sharti alipie uvumilivu wa wenzake. Somo hilo Dalali alilipata tangu enzi za kubeba magodoro ya watu kichwani, kabla hajagundua kwamba anayeonyesha nyumba hula vizuri kuliko anayehamisha vyombo. Alitaja kodi ya mwezi kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, kisha akanyamaza. Katika kazi yake, anayetangulia kuuvunja ukimya ndiye anayepungukiwa.

Mama yule hakuuvunja. Alikuwa mfupi, wa makamo, amevaa sketi ya ofisini na raba za mazoezi, na kiunoni amening'iniza shada la funguo lililotangulia kuingia kila chumba kabla yake. Alifungua mabomba yote, akayaacha yatiririke, akasikiliza. Alibonyeza ukuta chini ya dirisha kwa kidole gumba, plasta ikamwagika kama unga. Alipomaliza vyumba vyote sita alirudi getini, akamwambia Dalali atoke nje.

"Nitoke kwangu mwenyewe?"

"Toka, baba. Mimi nafunga kwa ndani. Halafu wewe ingia kwa nguvu, kama mtu aliyegombana na ndugu yake."

Dalali akacheka, akatoka, akasukuma kwa bega mara moja tu. Komeo likang'oka na misumari yake, naye akajikuta uani, ana kwa ana na mama yule, vumbi la kutu limemjaa begani.

"Haya," mama akasema. "Sasa tuanze upya ile bei yako."

Walifikia theluthi moja chini ya bei ya mwanzo, na komeo jipya la chuma kwa gharama ya mwenye nyumba. Dalali alikuwa hajawahi kunyolewa hivyo na mtu mwenye kitambulisho cha serikali shingoni. Hakukasirika. Mtu aliyezoea kushinda humheshimu anayemshinda kihalali, na zaidi ya hapo, ile ndiyo nyumba yake ya kwanza, aliyoinunua kwa miaka kumi na minne ya asilimia kumi kumi. Mtaani walimwita Bwana Asilimia akiwa hayupo. Alihitaji mpangaji atakayekaa, na wakati wa kutia saini akauliza, kwa mazoea tu, nyumba ni ya kazi gani.

Ya watu wazima wanaoteswa kwao, alijibiwa. Dalali alidhani ni wake wanaopigwa na waume, akasema pole. Bi Funguo akamwambia hao wana nyumba nyingine, ijapokuwa haitoshi. Hii ni ya wazee, vipofu, waliopooza, na wale ambao akili zao zilibakia utotoni huku miili ikikua. "Mtoto akipigwa, jirani anapiga kelele," alisema. "Punda akipigwa, siku hizi ana chama chake. Mzee wa miaka sabini akipigwa na aliyemlea, watu wanasema ni mambo ya ukoo."

Dalali aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani. Yeye alikuwa anahesabu mifuko ya saruji ya kuziba ile plasta.

Hilo jina la Bi Funguo halikutokana na nyumba. Alikuwa nalo zamani. Baba yake alikuwa mpishi wa shule, mama yake mshonaji, naye aliingia ofisi ya ustawi wa jamii akiwa karani wa kupiga chapa, akasoma masomo ya jioni hadi akawa afisa. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mapacha na redio. Kwa miaka ishirini na miwili alitembea nyumba hadi nyumba saa ya kula, bila taarifa, na hakuwatazama watu usoni kwanza. Alitazama sufuria, kisha kucha. Sura hudanganya, alikuwa akisema, hasa sura ya mtu anayeogopa. Kucha hazijui kuogopa. Na kila alipomkuta mtu amefungiwa, alimtoa kwanza, kisha akachukua ufunguo. Ndugu wengi hawakuthubutu kuudai. Basi zile funguo kiunoni hazikuwa za ofisi wala za kwake. Kulikuwa na za stoo, za banda la kuku, mbili za vyoo, moja ndogo ya kabati. Dalali alipoambiwa habari hizo na mpishi wa ile nyumba, mara ya pili alipofuata kodi, alijikuta anauangalia ule ufunguo wa kabati kwa muda, akijaribu kukisia mtu wa kuenea humo ana kimo gani.

Wa stoo ulikuwa wa Fundi.

Fundi alikuwa seremala mstaafu wa karakana ya serikali. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia na ulimi. Hakuwa na mtoto. Alimlea mpwa wake, mtoto wa dada yake, akamsomesha, akamfungulia kibanda cha kutengeneza simu. Mpwa huyo akaanza kumpeleka mjomba kuchukua pensheni kila mwezi, kidole kikibandikwa kwenye karatasi, hela zikiingia mfuko mwingine. Kati ya mwezi na mwezi mjomba alilala stoo, pamoja na maboksi ya simu mbovu. Bi Funguo alimkuta saa saba mchana, kufuli nje, sufuria ya ndani ya nyumba imejaa, na kucha za mzee zimejikunja kama za ndege.

Katika nyumba ya hifadhi mzee alipata kitanda karibu na dirisha, na njia ya kusema. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Gonga moja, ndiyo. Gonga mbili, hapana. Aligonga kwenye fremu ya kitanda, kwenye meza, kwenye mkono wa kiti chake cha magurudumu. Dalali, ambaye hakuwa mtu wa kutembelea wagonjwa, alianza kukaa naye kwa sababu ya biashara. Siku moja alipita na kipande cha mbao alichouziwa kuwa ni mninga. Fundi akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, kisha akagonga meza mara mbili. Dalali akakirudisha kwa muuza mbao, akamkazia macho, akarudishiwa hela. Kuanzia siku hiyo hakununua mlango wala fremu bila kumletea Fundi kipande kwanza. Alipata mkaguzi wa bure, na Fundi akapata kazi. Wauza mbao wote wawili wa barabara ile walijua kwamba Dalali ana mzee mahali fulani asiyesema, na walimwogopa mzee huyo kuliko kodi ya mapato.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndizo zilizoifungua nyumba na ndizo zilizoifunga.

Fungu la mwaka wa kwanza lilifika likiwa limechelewa miezi minane. Mwaka wa serikali ulikuwa umebakiza miezi minne. Bi Funguo akatakiwa anunue kila kitu kwa mpigo: vitanda, magodoro, viti vya magurudumu, vyombo, chakula cha akiba. Akamwendea Dalali barazani kwake. Alikuwa amesikia, akasema, kwamba Dalali anaweza kumshusha bei hata kinyozi aliyeshika wembe. Dalali akauliza asilimia yake ngapi. Bi Funguo akamwambia sifuri, lakini mkataba wa nyumba utakuwa wa miaka mitatu badala ya mmoja. Akakubali papo hapo, na moyoni akajilaumu kwamba amekubali upesi.

Zile Jumamosi mbili alizikumbuka muda mrefu. Dukani kwa magodoro aliagiza thelathini, akapata bei ya thelathini, muuzaji akaandika stakabadhi hadi katikati, ndipo Dalali akakumbuka kwa sauti ya masikitiko kwamba wagonjwa wengine wamefariki, wamebaki kumi na wawili. Bei ilikuwa imeshaandikwa. Bi Funguo alilazimika kukaa juu ya godoro, uso ameufunika kwa faili, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Kwenye viti vya magurudumu walipata viwili kwa bei ya kimoja na nusu kwa sababu Dalali aliligundua tairi lililopinda. Ilipofika mwisho wa mwaka, nyumba imekamilika, watu kumi na mmoja wanakula mara tatu, na moja ya tano ya fedha bado ipo benki.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la Dalali.

Bi Funguo alisitasita. Alijua idara nyingine zinavyofanya: ikikaribia mwisho wa mwaka, kuta zinapakwa rangi, viti vinabadilishwa, watu wanapelekwa semina ya kufundishwa jambo wanalolijua. Alikuja kumuuliza Dalali, kama mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi, anunue nini. Dalali akashangaa. Unanunuaje kitu usichokihitaji? Akamweleza jinsi alivyopata mkopo wake wa kwanza kwa tajiri wa mbao: alirudishiwa chenji iliyozidi, akairudisha, na tajiri yule akamkopesha mzigo mzima bila dhamana.

"Rudisha," akamwambia. "Andika na barua. Waambie tumebana, tumeokoa, hiki hapa chenu. Mwakani omba mara mbili. Anayerudisha chenji hafungiwi duka."

Bi Funguo akaandika barua nzuri. Dalali mwenyewe aliisoma kabla haijapigwa muhuri, akaongeza neno "uadilifu".

Mwaka uliofuata fungu likaja limepunguzwa moja ya tano, kasoro senti. Vitu vilikuwa vimepanda, na watu wamefika kumi na wanne, maana nyumba ilikwisha kujulikana. Kilichobaki kiliweza kulipa pango na chakula lakini si wahudumu wote, na kanuni inasema nyumba ya namna ile isiyo na mhudumu wa zamu zote si nyumba ya hifadhi, ni hatari kwa umma. Bi Funguo aliandika barua. Aliandika tatu. Kisha akamwomba Dalali apunguze kodi, na Dalali, baada ya kuzunguka siku mbili, akapunguza asilimia kumi. Mkewe akamuuliza usiku huo kama anaumwa.

Ilipofika barua ya kuwapa miezi miwili wafunge, Dalali alisema hiyo kazi waachiwe wanaojua kununua na kuuza. Akavaa koti, wakaenda wote wawili ofisi ya wilaya, chumba cha bajeti, ghorofa ya pili.

Mhasibu alikuwa kijana mpole, miwani, shati limepigwa pasi, mezani ana kikombe chenye kifuniko. Dalali alikuwa amejiandaa kwa mtu jeuri, au mtu mwenye njaa. Kwa jeuri ana maneno, kwa njaa ana bahasha. Kwa mpole hakuwa na kitu. Kijana aliwakaribisha viti, akawaagizia maji, akafungua kompyuta akawaonyesha mstari wao. Ulikuwa mstari mmoja tu, kati ya ukarabati wa choo cha soko na mafunzo ya maafisa michezo.

Akawaeleza, bila haraka, kwamba fedha iliyorudi ilijisemea yenyewe. Mfumo huchukua kilichotumika mwaka uliopita, na hicho ndicho kinachokuwa ukomo. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kuwakata. Kama zingetumika zote, mstari ungebaki ulivyokuwa.

"Hata kama tungenunua mapazia ya hariri?" Dalali akauliza.

"Hata hivyo, mzee wangu. Mfumo hauoni pazia."

Bi Funguo hakumgeukia Dalali. Alikuwa anazitazama kucha za Mhasibu, ambazo zilikuwa safi kabisa.

Dalali akaanza kazi. Aliomba waongezwe nusu ya kilichopungua. Haiwezekani, ukomo unatoka juu. Robo. Haiwezekani. Basi mwakani. Mwakani kuna ukomo wa mwakani, nao utafuata matumizi ya mwaka huu. Akamtaja diwani anayefahamiana naye; Mhasibu akasema diwani huyo alikuwapo kwenye kikao kilichopitisha, na alipiga makofi. Kila mlango Dalali aliousukuma ulifunguka vizuri, na nyuma yake palikuwa na ukuta.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kuuza na kununua. Akasema nyumba ataitoa bure. Miezi sita, bila kodi. Hela ya pango walipwe wahudumu.

Alilisema akiutazama mlango, kama mtu anayekiri ugonjwa. Bi Funguo akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Mhasibu alivua miwani. Ilionekana imemgusa kweli. Akaeleza kwamba fedha za pango ziko kifungu cha pango, na mishahara ina kifungu chake, na kifungu hakihami. Mwenye nyumba asipodai kodi, hela itakaa pale mpaka mwisho wa mwaka, kisha itarudi. Na ikirudi...

"Mtaikata na hiyo," Bi Funguo akamalizia.

"Sisi hatukati, mama. Inakatika."

Wakashuka ngazi. Dalali alikuwa amewahi kukutana na watu waliokataa bei yake ya juu. Bei yake ya bure ilikuwa haijawahi kukataliwa. Na tuseme ukweli wake wote: alipofika chini, ndani ya fedheha ile kulikuwa na ahueni ndogo, kama ya mtu aliyeahidi ng'ombe akaambiwa harusi imeahirishwa. Aliiona ahueni hiyo na hakuipenda, lakini hakuitupa.

"Nisamehe, mama," akasema. "Ile habari ya chenji."

"Uliniambia unachokijua," Bi Funguo akajibu. "Na mimi nilijua nilichokijua, nikaacha kukifuata. Tulikuwa wawili."

Watu kumi na wanne wakaanza kutawanywa. Watatu walipokelewa na kituo cha watawa mbali, ambacho nacho kilikuwa kimejaa. Wawili walifariki kabla ya tarehe, na Bi Funguo alisema, bila tabasamu, kwamba hao wamepata nafasi. Waliobaki walitakiwa "kuunganishwa na familia". Ndivyo fomu ilivyoandika. Kwa Fundi familia ilikuwa moja.

Jioni moja Dalali alimwuliza mkewe, kama anayeuliza habari ya mtu mwingine, mgonjwa wa namna ile anahitaji chumba kikubwa kiasi gani. Mkewe akaacha kukunja nguo. Akamwambia wana vyumba vitatu na watu saba, kwamba mzee yule anahitaji kugeuzwa kitandani mchana na usiku, na mgeuzaji hatakuwa Dalali. Hakuna uongo hapo. Hata hivyo kesho yake akamwuliza Bi Funguo. Akaambiwa asiye ndugu anahitaji amri ya mahakama, na mwanasheria wa kuiombea alikuwa kwenye lile fungu lililokatwa. Dalali hakuuliza tena. Hakumwambia Bi Funguo mkewe alisema nini, naye Bi Funguo hakuhitaji kuambiwa.

Siku ya makabidhiano Dalali alikuwapo kupokea nyumba yake. Mpwa alifika asubuhi na gari la kukodi, amenyoa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alimwinamia Bi Funguo, akamwita mama, akashika mguu wa mjomba wake kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba. Nyumbani wamekukumbuka."

Fundi akatazama dirishani.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa tatu unataka ridhaa ya mhusika, na Bi Funguo, ambaye hakuwahi kuruka mstari wowote maishani, akaisoma kwa sauti: je, anakubali kwa hiari yake kurudi kwa ndugu zake? Akasubiri. Mzee akainua mkono wa kushoto, akagonga mkono wa kiti. Mara mbili. Kisha akarudia, mara mbili, polepole, kama mtu anayemfundisha mwanagenzi.

Mpishi akatoka nje.

Chini ya swali lile palikuwa na kisanduku kimoja tu, cha alama ya kidole. Hakukuwa na pa kuandika hapana. Bi Funguo akaandika pembeni, kwa mkono: "Mhusika amekataa." Afisa kijana aliyetumwa kutoka makao makuu kusimamia zoezi akaangalia saa, akasema kwa upole kwamba maandishi ya pembeni hayaingii kwenye mfumo, na kwamba nyumba haina kibali tangu usiku uliopita; mzee akibaki humu, anabaki mahali ambapo kisheria hapapo. Akachukua kidole cha kushoto cha Fundi, akakiweka kwenye wino. Mkono haukushindana naye. Ulikuwa umeshasema.

Zikabaki mali. Bi Funguo alikuwa na tabia ya kuorodhesha kila kitu siku mtu anapoingia: shati moja, suruali moja, rula ya mbao moja. Mpwa akafuatisha orodha kwa kidole, akifika mwisho akasita.

"Hapa pameandikwa ufunguo mmoja, mama. Mali ya familia."

Ulikuwa mwandiko wa Bi Funguo. Kama asingeuandika, usingekuwapo. Katika zile funguo zote, Dalali alikuja kujua baadaye, ule tu ndio uliokuwa umeandikwa, kwa sababu Fundi aliingia mwaka ule wa kwanza ambao Bi Funguo alitaka kila karatasi iwe safi, serikali isipate pa kushika.

Bi Funguo akalifungua shada kiunoni. Pete ilikuwa ngumu, ilimvunja ukucha. Akautoa, akamwekea mpwa kiganjani, na mpwa akamshukuru. Dalali, ambaye maisha yake yote alikuwa na la kusema pale kitu kinapobadilisha mikono, alisimama na komeo lake la chuma akilichezesha, ndani nje, ndani nje, hadi gari likaondoka.

Nyumba haikukaa wiki tatu bila mtu. Kampuni ya mabasi iliichukua iwe bweni la madereva wake, kwa kodi iliyozidi hata ile bei ya rambirambi ya siku ya kwanza, na ikalipa mwaka mzima mbele. Bi Funguo alihamishiwa ofisi ya kusajili vilabu vya michezo. Huko alipata feni, na saa tisa alasiri yuko kwake.

Miezi mitatu baadaye Dalali alikuwa na chumba cha kuonyesha mtaa ule wa mpwa. Mteja hakutokea. Ilikuwa saa saba na nusu, na miguu yake ikampeleka yenyewe. Kibandani mpwa alimpokea vizuri, akamvutia kigoda, akasema mjomba hajambo, amelala, wazee wanalala sana. Mkononi alikuwa na simu imefunguliwa matumbo. Mteja wake akamwita upande wa pili wa barabara, naye akavuka.

Dalali akazunguka nyuma. Stoo ilikuwa na kufuli jipya, la nje. Harufu ilimfikia kabla hajaufikia mlango. Akausogelea. Mlango wa mbao nyepesi, alijua bila kuambiwa, usingestahimili bega lake mara moja. Halafu? Amtoe, ampeleke wapi? Aliitafuta nyumba kichwani mwake, yeye ambaye kazi yake ni kujua vyumba vyote vitupu vya mji mzima, na hakupata hata kimoja.

"Fundi," akaita chini chini. "Ni mimi, wa mbao. Umekula leo?"

Ndani, chini kabisa karibu na sakafu, kifundo cha kidole kikagonga mlango mara mbili.

Dalali akabaki pale mpaka aliposikia mpwa anarudi akipiga mluzi.

Alikwenda polisi. Walimwambia ni suala la kifamilia, alete barua ya ustawi. Ustawi kulikuwa na msichana mgeni mwenye wilaya nzima peke yake na gari lisilo na mafuta. Akaandika jina la Fundi chini ya majina mengine, akasema watafika. Mwisho akamwendea Bi Funguo kwenye ofisi ya vilabu. Alimkuta anapiga muhuri katiba ya timu ya mpira. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja, kufuli liko nje au ndani. Nje, Dalali akamwambia.

Bi Funguo akashika kalamu, akaiweka. Hakuwa na faili la kufungua, wala amri, wala pa kumlaza mtu. Alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe mara mbili, saa ya kula, na mara zote mpwa alimwonyesha karatasi yenye kidole cha mjomba na kumkumbusha, kwa adabu, kwamba yeye sasa ni wa michezo.

Ukutani nyuma yake palitundikwa barua kwenye fremu, yenye nembo. Dalali akainuka kuisoma. Ilikuwa pongezi kwa afisa mfano wa kuigwa, aliyerejesha salio la fedha za umma kwa "uadilifu". Neno lilikuwa lake. Fremu, alipoigonga kwa kifundo kutokana na mazoea, ilikuwa mbao mbovu iliyopakwa rangi.

"Walikuuzia kiasi gani?" akauliza.

"Nilipewa," Bi Funguo akasema, akavuta katiba nyingine, akapiga muhuri.